Somo la Damu na Jina Lililomnyamazisha Eli

Sasa hivi Eli amemnyamazisha mwalimu.

Nilikuwa nimeegemeza simu kwenye sufuria ya chai, yule dada wa bayolojia akieleza mambo ya urithi. Mtoto akatambaa mpaka kwenye kigoda, akanyoosha kidole, akambonyeza usoni. Mwalimu akabaki mdomo wazi, mkono mmoja juu. Eli akanigeukia aone kama nitacheka. Nikacheka. Halafu akaurudisha mkono wake kifuani polepole, jinsi mtu anavyorudisha yai chini ya kuku, na mimi nikaacha kucheka.

Kidole kile kinamuuma.

Leo ni Ijumaa, mchana, na hapa Kibomet, Kitale, mvua imenyesha tangu asubuhi, ile ya Agosti isiyo na radi wala haraka. Nguo nilizofua juzi bado zinanuka unyevu. Kukhu amemchukua Eli, amempeleka chumbani amlaze, nami nimebaki na simu. Kukhu ni nyanya yake, mama ya mume wangu. Alikuja Jumatano kutoka kwao Matulo na kuku mmoja na kikapu cha viazi vitamu, na kesho asubuhi anarudi.

Anataka kurudi na mtoto.

Hiyo ndiyo sababu nimekaa hapa naandika badala ya kumaliza jaribio la somo la urithi ambalo linafungwa leo jioni.

Nianze na masomo, maana niliahidi kwamba nitakuwa nikiandika hapa jinsi ninavyoendelea, na nimenyamaza muda mrefu. Wale mnaonisoma mnajua niliachia shule kidato cha pili, mama alipougua. Sikuacha kwa ubishi wala kwa mimba, niliacha tu, kama mtu anayeweka jembe chini aende kunywa maji. Sasa nina mtoto, nasuka watu nywele hapa nyumbani, na mwaka huu nikajiandikisha kwenye haya masomo ya mtandaoni ili siku moja niukalie mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mwalimu anafundisha kwa Kiingereza cha haraka, mimi nasimamisha, narudisha nyuma, naandika kwa Kiswahili changu. Aliposema seli, kusema ukweli, mimi nilifikiria zile za polisi. Jaribio la kwanza nilianguka. La pili nikaanguka tena, ila safari hii nilijua kwa nini. Tulipofika kwenye mimea nikaanza kupanda. Mtu aliyelelewa katikati ya mahindi huwezi kumdanganya kuhusu jani. Nilikuwa naona njano ya jani la chini na kujua ardhi inalia nini, sikujua tu kwamba kuna watu wanaliandikia kitabu.

Jirani yangu Mama Brayo, ambaye nywele zake nazijua kuliko anavyozijua yeye, ananiita Daktari wa Bando. Siku moja nikiwa namsuka, video inaendelea pembeni, akasema, "Daktari, hebu nipime basi. Niambie kwa nini nikila kidogo nanenepa na bwanangu akila sufuria nzima anakonda."

"Yeye anakula akiwa na wasiwasi wa kukuona," nikamwambia.

Tulicheka mpaka nikapoteza hesabu ya mistari. Ilikuwa siku njema hiyo. Nilikuwa nimepita jaribio la mmeng'enyo wa chakula na nilijiona mtu.

Halafu tukafika kwenye damu.

Mwalimu alionyesha seli nyekundu za damu. Nzuri, za duara, zimebonyea katikati kama mandazi yaliyokaliwa. Laini, akasema, zinajikunja na kupita hata kwenye mishipa myembamba kama uzi. Kisha akaonyesha nyingine. Hizi hazikuwa za duara. Zilikuwa zimepinda na kuchongoka. Sikuhitaji kurudisha nyuma nielewe jina lake, kwa sababu kile chombo nakishika tangu utotoni, ndicho tunachokatia ng'ombe majani. Mundu. Akasema seli hizo ni ngumu, zinanasana, zinaziba njia, na pale zinapoziba ndipo mtu analia kwa maumivu ya mifupa. Baridi inazidisha. Macho yanaweza kuwa manjano. Na kwa watoto wadogo, akasema bila kubadilisha sauti, kama mtu anayesoma bei za sokoni, dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvimba mikono na miguu.

Nikaangalia mikono ya Eli.

Nilisimamisha video mwenyewe siku hiyo.

Inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mikono hii ina historia, na historia yenyewe ina jina.

Eli alizaliwa mzima. Miezi ya kwanza alikuwa mtoto wa kuazimwa na majirani, alivyokuwa mtulivu. Ilipofika karibu nusu mwaka ndipo kilio kikaanza. Si kilio cha njaa, mama anakijua cha njaa. Hiki kilikuwa cha mtu mzima ndani ya mwili wa mtoto. Vidole vinafura, ngozi ya kiganja inang'aa, nyayo hazigusiki. Kwenye zahanati tukaambiwa ni meno, tukapewa dawa ya maumivu. Meno yakatoka, kilio kikabaki.

Barasa, mume wangu, anafanya kazi kwa shamba la ng'ombe wa maziwa kule Endebess na huja nyumbani mwisho wa wiki. Yeye alimwambia mamake. Kukhu hakushangaa. Akasema mtoto analilia jina. Kwetu Wabukusu hilo si jambo geni: mtoto akilia bila sababu, kuna marehemu anataka kuitwa, na hatanyamaza mpaka jina lake lipatikane. Sisi tulikuwa tumempa Eli jina la kanisani tu. Tukaitwa Matulo.

Ilikuwa jioni, tumekaa jikoni kwa Kukhu, moto umekolea, shangazi zake Barasa wawili kwenye mkeka. Tulifika tumenyeshewa na Eli alilia tangu barabarani. Kukhu akamchukua. Akapasha leso motoni, akamfunga miguu, akapasha nyingine akamfunga mikono, akamweka kifuani. Kisha akaanza kuwaita waliotutangulia, mmoja mmoja. Wafula. Akangoja. Eli akalia. Simiyu. Akalia. Makokha. Akalia zaidi, mpaka shangazi mmoja akasema, "Makokha hata akiwa hai watoto walikuwa wanamkimbia."

Majina yakaisha. Kukhu akachoka. Akabaki anamtikisa tu, ananong'ona kitu kama mtu anayejisemea. Na katika kunong'ona huko likamtoka jina moja. Wanyonyi.

Eli akanyamaza.

Alinyamaza kabisa, akashusha pumzi, akalala. Shangazi wakapiga vigelegele. Wakasema ni mzee Wanyonyi, baba ya babu, aliyekuwa na boma kubwa na roho ya utulivu. Wakaanza kuniita Mama Wanyonyi papo hapo. Nami nilifurahi. Mtoto wangu amelala, ungetaka nifanye nini?

Lakini nilimwona Kukhu. Hakupiga kigelegele. Alikaa na mtoto mapajani anautazama moto, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa katika nyumba anayojua haina mtu.

Tangu siku hiyo kila mtu anamwita Wanyonyi isipokuwa sisi wawili. Mimi nimezoea kumwita Eli. Kukhu hasemi Eli wala Wanyonyi. Anasema tu, mtoto.

Tulikaa Matulo wiki kadhaa na hakulia tena. Kule ni joto. Alicheza uchi uani, akajaribu hata kusimama. Tukarudi Kitale, baridi ikaingia, na mikono ikavimba tena. Familia ikaelewa kwa njia yake: Wanyonyi anataka kwao. Hataki kulelewa kwa nyumba ya kupanga huku ugenini. Barasa naye, ambaye si mtu wa mambo hayo, akasema kwa simu, "Sasa si aende tu, bana? Kule analala. Huku halali. Wewe unataka nini?"

Mimi nataka nini.

Nilikuja kujua kwenye somo lile la damu.

Baada ya somo tulipewa zoezi: chora familia yako. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mistari inawaunganisha, na unatia rangi waliougua. Sina karatasi kubwa. Jana asubuhi nikachukua kipande cha makaa nikachora sakafuni, hapa kwenye saruji, katikati ya chumba. Kukhu alikuwa amekaa mlangoni anachagua maharagwe kwenye ungo. Akauliza ni nini hicho, nami nikamweleza. Hapa ni wewe, Kukhu, hili duara. Huyu mraba ni mzee wako, Mungu amrehemu. Hapa chini ni watoto wenu. Dada mkubwa, Barasa, na wale watatu wadogo.

Akaangalia. Akasema, "Umeacha mmoja."

Nikahesabu tena, nikamwambia Barasa ameniambia wako watano.

"Barasa alikuwa hajazaliwa," akasema.

Akainuka na ungo wake, akaja, akainama, akachukua punje moja ya haragwe akaiweka sakafuni kati ya dada mkubwa na Barasa.

"Hapa."

Sikumuuliza jina. Nilikuwa nimeshalijua.

Akakaa chini kando ya mchoro na akaniambia, bila kunitazama, huku mikono ikiendelea kuchagua maharagwe. Wanyonyi wake alikuwa mtoto wa pili. Alipewa jina la huyo mzee wa boma kubwa. Alikuwa mcheshi. Vidole vyake vilikuwa vinafura kama ndizi za kisukari, na macho yalikuwa na umanjano kama chai ya maziwa mengi. Alikuwa anakaa karibu na moto siku nzima, ukimtoa analia. Alikuwa ameshaanza kusema maneno. Halafu msimu wa mbu ukaja, akashikwa na homa, na homa haikumaliza hata siku mbili ikamchukua.

"Mama mkwe wangu akasema mimi ndiye nimemla," Kukhu akasema. "Ati damu yangu ni chungu. Nikaambiwa jina hilo lisitajwe na mimi. Mtoto aliyekufa mdogo hatajwi, anaweza kuvuta wenzake. Sijalitaja. Mpaka ile jioni, likatoka lenyewe."

Hapo ndipo nilielewa uso wake pale jikoni. Shangazi walisikia jina la mzee. Kukhu alijua kwamba alikuwa anamnong'oneza mwanawe.

Ningekuwa mtu wa busara ningenyamaza, nimshike mkono. Lakini nilikuwa na somo lote mdomoni. Nikamwambia, Kukhu, si wewe uliyemla. Ni ugonjwa, wengine huuita sikoseli, uko kwenye damu. Eli alinyamaza ile jioni kwa sababu ulimpasha miguu moto. Kule Matulo halii kwa sababu kuna joto. Lakini Matulo kuna mbu, na mtoto wa damu hii malaria ikimshika haimwachi. Nikamwambia twende hospitali apimwe damu, ni kumbeba tu na kitabu chake cha kliniki, basi. Nikakitoa kitabu hicho chini ya godoro nikamwekea mapajani.

Akakitazama kama kitu cha moto. Akakishika kwa pembe akakiweka sakafuni.

"Jina limekubali," akasema. "Ukipeleka damu ya mtoto ikaangaliwe, unamwambia aliyekuja kwamba humwamini. Yule wa kwanza nilimzungusha kwa watu wa dawa, kila mtu akamchanja kwa wembe. Huyu hatachanjwa na mtu. Huyu nitamweka karibu na moto."

"Kukhu, moto hautoshi."

"Wewe Nafula, umezaa mmoja. Mimi nimezika."

Nikakiokota kitabu nikakiweka juu ya kabati.

Hiyo ndiyo jana yangu.

Lakini kuna jambo sikumwambia Kukhu, na nikiliandika hapa labda nitaweza kulisema. Nilipoona ile punje ya haragwe, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Ilikuwa nafuu. Nilijiambia: basi damu hii imetoka kwao. Si kwetu. Nikahisi wepesi hata nikaona aibu.

Kisha nikaangalia mchoro wangu mwenyewe. Mwalimu alisema mara tatu, na mara zote tatu niliandika: mtoto hawezi kuugua hivi kwa damu ya mzazi mmoja. Lazima apewe na baba na apewe na mama. Anayebeba nusu hajui, anaishi mpaka mvi bila kuumwa. Kwa hiyo kutoka kwenye duara langu mimi kuna mstari unaoshuka hadi kwa Eli, mweusi sawasawa na ule wa Barasa. Kwetu hakuna mtoto aliyelia hivi ninayemjua. Lakini nani aliniambia kwamba nawajua wote? Labda hata kwa mamangu kuna mahali palipaswa kuwekwa haragwe.

Mama mkwe wa Kukhu alitafuta wa kulaumu akampata karibu. Mimi nilikuwa nakaribia kufanya hivyo hivyo, kwa makaa na Kiingereza.

Barasa alipopiga simu nilimweleza, na nilimweleza vibaya. Nilianza na neno damu. Nikasikia ng'ombe nyuma yake. Akasema, "Kwa hivyo unataka kusema mimi ndiye nimempa mtoto ugonjwa?" Nikamwambia, "Sisi wote wawili. Kama ni wenyewe." Akasema, "Kama." Akasema tutaongea akifika. Anafika leo jioni. Sijui ataketi upande gani wa ule mchoro.

Kuna kitu mwalimu alisema ambacho hakitoki kichwani. Alisema damu hii imebaki sana sehemu zenye mbu, kwa sababu anayebeba nusu tu, malaria haimshindi kirahisi. Yaani nusu ni kinga. Wazee wetu walivuka misimu ya homa wakiwa nayo, wakazaa, wakatupa. Ila nusu mbili zikikutana kwa mtoto mmoja, kinga inageuka kuwa mundu.

Nimefikiria hilo leo nikiosha vyombo. Kukhu anasema marehemu hurudi ndani ya mtoto. Watu wakisikia naelekea kwenye sayansi wanafikiri nitamcheka. Simcheki. Mwalimu wa simu anasema karibu neno hilo hilo. Kuna kitu cha Wanyonyi kiko ndani ya mwanangu sasa hivi, kinatembea kwenye vidole vyake. Tunakubaliana kwamba amekuja. Tunachobishania ni kama amekuja kumlinda au kumchukua.

Niliuliza swali kwenye kundi la darasa letu. Niliuliza kwa mafumbo, ati kama mtu ana mtoto mwenye dalili fulani. Wenzangu wakajibu kwa vitabu. Mwalimu akaniandikia pembeni: Dada, hili si swali la darasa. Mpeleke mtoto apimwe damu. Usingoje.

Usingoje. Ni neno dogo. Nimelisoma mpaka taa ya simu ikazimika, nikaiwasha, nikalisoma tena.

Na aliongeza mstari mmoja ambao ndio nimeushikilia kama mtoto anavyoshika kidole. Aliandika kwamba wakigunduliwa mapema, wakapewa dawa, wakakingwa na malaria, wakawekwa kwenye joto na wakanywa maji mengi, wanakua. Wanaenda shule. Alisema ana mwanafunzi mmoja mwenye damu hiyo, anasoma akiwa na soksi mbili mbili, na hupata maksi nyingi kuliko mimi.

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Namtaka Eli awe hivyo. Anishinde maksi. Avae soksi mbili mbili, ajidai.

Sasa ni hivi. Jaribio bado liko wazi kwenye simu, limebaki swali moja. Linasema: baba anabeba nusu, mama anabeba nusu, je, uwezekano wa mtoto kuugua ni kiasi gani? Kuna visanduku vinne na unachagua jibu. Najua jibu. Ni mmoja kati ya wanne, na kila mimba inapigiwa kura upya, haijali uliyemzaa kabla. Hili ndilo swali rahisi kuliko yote niliyowahi kupewa tangu nianze masomo haya.

Sijalibonyeza.

Najiambia ni mtandao. Si mtandao. Ni kama nikibonyeza nitakuwa nimetia sahihi.

Mvua imezidi sasa, mabati yanapiga kelele, na nyumba imekuwa baridi kama kisima. Mchoro wangu bado uko sakafuni. Asubuhi nilichukua fagio nifagie, Kukhu akasema tu, "Acha." Kwa hiyo tumeshinda tunauruka, yeye na mimi, kama watu wanaovuka mfereji. Eli ameburuta tumbo juu yake na kufuta nusu ya watu wa Matulo, miguu yote imekuwa myeusi. Ila ile punje ya haragwe hakuigusa. Au aliigusa, Kukhu akairudisha. Sikuona. Iko pale pale, kati ya dada mkubwa na Barasa.

Kitu kingine kinanitia hofu, na sijui niseme ni nini. Eli amelala mapema leo. Kawaida mchana huu anapigana na usingizi kama mlevi na mlinzi. Leo alipochukuliwa hakukataa. Aliweka kichwa tu kwenye bega la nyanyake. Nimesikia Kukhu akimwimbia huko chumbani, kisha sijasikia wimbo. Sasa ni kimya. Nimezoea kuogopa kilio. Sikuwahi kufikiri kwamba nitakaa hapa nikiogopa kimya.

Basi niandike uamuzi wangu kabla Barasa hajafika, ili nikianza kulegea nije nijisome. Kesho Kukhu akiamka kwenda stendi, mimi nitakuwa nimeamka kabla yake. Eli atakuwa mgongoni kwangu, amevaa soksi mbili mbili, na tutaenda hospitali kwanza. Akitaka kuja nasi, aje. Akikasirika, akasirike, nitamwomba msamaha nikirudi na nitapika yule kuku. Sitamwambia kwamba imetoka kwake. Nitamwambia tuliipokea wote, kwamba hakumla mtu, kwamba yule wa kwanza hakupata mtu wa kumwangalia damu, na huyu anaye. Hata kama itabidi nibishane na watu wa Matulo wote, walio hai na waliolala, jambo moja nataka walijue, kwamba mimi sikatai jina, ninachokataa ni

Ngojeni. Kukhu ananiita kutoka chumbani, na si sauti yake ya kuitia chai. Anasema, Nafula, Eli ana joto. Amesema Eli. Anasema nilete shuka nzito ya kumbebea, tusingoje mvua iishe, na anauliza kile kitabu cha kliniki nimekiweka